Kwa nini chaneli ya mama inagoma saa tatu usiku na ya mpira haigomi?

Msomaji wetu anayeishi Texas, Marekani, ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga na amependa sana chaneli moja ya Kiarabu iliyo kwenye kifurushi chetu cha kebo. Mchana haina shida. Ikifika saa tatu usiku, mara kwa mara king'amuzi kinaandika kwamba chaneli haipatikani kwa sasa, tujaribu baadaye. Chaneli za mpira na habari haziandiki hivyo hata siku moja. Fundi alikuja, akabadilisha waya, hali ni ileile. Jirani ananiambia kampuni za kebo siku hizi huleta chaneli fulani pale tu mtu anapoiomba. Ni kweli? Nani anaamua ipi iletwe muda wote na ipi isubiri kuombwa? Na ina maana wanajua mama anatazama nini? Mama mwenyewe anasema wanatudharau."

Marahaba, mdogo wangu. Mpe mama salamu zangu, na umwambie jirani yenu amesema kweli. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kebo kwa miaka mingi na swali lako limenigusa, kwa sababu mtu anayetazama chaneli isiyo na watazamaji wengine ndiye ninayemfikiria kila ninapopanga mitambo hii. Waya wako hauna kosa. Kosa liko kwenye hesabu iliyofanywa mbali na nyumba yako, nami nitakufungulia hesabu hiyo.

Anza na waya wenyewe. Kutoka kituo kikuu cha mitambo, picha husafiri kwa faiba hadi kisanduku kilichoko mtaani kwenu, ambacho mafundi hukiita nodi. Kuanzia hapo ni waya wa shaba wa kebo unaogawanywa nyumba hadi nyumba. Nodi moja kwa desturi ilihudumia nyumba kama 500, ingawa siku hizi nyingi zimepunguzwa. Katika mtandao wa kawaida wa Marekani, masafa ya kuteremsha picha huanza megahezi 54 na kuishia 750, mingine ikafika 860 au zaidi. Masafa hayo hukatwa vipande vya megahezi 6. Piga hesabu: kutoka 54 hadi 750 unapata vipande 116. Enzi za analojia kila kipande kilibeba chaneli moja tu. Dijitali ilipokuja, kipande kikaweza kubeba karibu megabiti 38.8 kwa sekunde, yaani chaneli kama kumi za picha ya kawaida, au mbili hadi tatu za picha angavu ya HD kwa ule ufinyazaji (kubana picha ichukue nafasi ndogo) wa zamani wa MPEG-2. Ndani ya vipande hivyohivyo lazima pia ipite intaneti, simu, na filamu ambazo mtu huchagua mwenyewe.

Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, nafasi ikaisha. Kampuni za dishi zilikuwa zinavuta wateja kwa HD. Mwanzoni mwa 2007 mojawapo ya kampuni hizo, DirecTV, ilitangaza kwamba ingefikisha chaneli 100 za HD mwaka huo. Kampuni za kebo hazikuweza kujibu bila kutafuta nafasi ndani ya waya uleule, kwa sababu kufumua mtandao wa mji mzima ni gharama kubwa. Comcast ilichagua zaidi kuziondoa chaneli za analojia na kuwagawia wateja visanduku vidogo vya kubadilisha dijitali. Time Warner Cable na Cox zilikwenda kwa nguvu kwenye njia anayoisema jirani yako. AT&T nayo, ilipoanzisha huduma yake ya televisheni ya U-verse mwaka 2006 juu ya nyaya za simu, haikuwa na hiari: waya wa simu hauwezi kubeba mamia ya chaneli kwa pamoja, kwa hiyo kila chaneli iliitwa na king'amuzi ndipo iletwe.

Nyumbani mama amezoea dishi, na dishi haifanyi hivi. Setilaiti humwaga chaneli zote juu ya nchi nzima, na king'amuzi chako huokota unayoilipia. Setilaiti haiwezi kuuliza kila nyumba inataka nini. Kebo inaweza, kwa sababu waya wake ni wa njia mbili. King'amuzi hupokea, na pia huzungumza na kituo kupitia masafa ya chini, megahezi 5 hadi 42.

Nitakupa picha ya mgahawa, maana sijapata iliyo bora zaidi. Mama ntilie ana majiko kumi. Wali na maharage viko motoni tangu asubuhi, haulizi mtu, kwa kuwa anajua kila dakika kuna anayekuja kuvitaka. Hizo ndizo chaneli za kudumu. Majiko yaliyobaki ameyaacha kwa vyakula vya kuagiza: supu ya pweza, ndizi nyama, mchuzi wa kasa usioulizwa ila na wazee wachache. Hizo niziite chaneli za wito. Mteja wa kwanza akiagiza ndizi, sufuria inapanda jikoni. Wa pili akitaka ndizi anapakuliwa kutoka sufuria ileile na hakuna jiko jipya linalohitajika. Wa mwisho akimaliza, sufuria inaweza kushushwa. Ubao ukutani una vyakula hamsini, majiko ni kumi, na siku nyingi hakuna anayelala njaa.

Kwenye kebo mambo ni hayohayo, ila kwa kasi. Unapobonyeza namba ya chaneli ya wito, king'amuzi hutuma ujumbe kwa seva ya kituo: naomba chaneli namba fulani. Seva hutazama kama chaneli hiyo tayari inatumwa kwenye kundi lenu, yaani nyumba zinazogawana vipande vilevile. Ikiwa ipo, humjibu king'amuzi: sikiliza masafa haya, picha yako ni ya ngapi humo ndani. Ikiwa haipo, seva hutafuta nafasi, huuamuru mtambo unaolihudumia kundi lenu uichukue chaneli kutoka mtandao wa ndani ambako zote zinapita, kisha humpa king'amuzi majibu yaleyale. Haya hutokea kwa muda mfupi kiasi kwamba wewe unadhani rimoti imechelewa kidogo tu. Mtazamaji wa mwisho akihama, kwa kawaida chaneli haikatwi papo hapo. Huachwa mpaka nafasi yake itakapohitajika na mwingine.

Sasa nani anaamua? Hapa watu wengi, hata ndani ya kampuni, hukosea. Hudhani kinachohesabiwa ni idadi ya watazamaji. Sivyo. Chaneli inayotazamwa na nyumba 200 katika kundi lenu hula nafasi sawasawa na ile anayoitazama mama peke yake. Kinachohesabiwa ni chaneli ngapi tofauti zimewashwa kwa wakati mmoja katika kundi moja. Mhandisi huchukua kumbukumbu za wiki kadhaa na kuuliza, kwa kila chaneli: katika saa za pilikapilika, kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, ni mara ngapi kundi lina angalau mtazamaji mmoja wa chaneli hii? Kama jibu ni karibu kila mara, katika karibu kila kundi, kuifanya ya wito hakuokoi chochote. Kunaongeza tu kuchelewa na hatari ya kugoma. Iache iwe ya kudumu. Kama makundi mengi hupitisha usiku mzima bila mtu wa kuiomba, basi kuituma kila mahali saa 24 ni kuchoma nafasi bure, na hiyo huwekwa kwenye orodha ya wito.

Chaneli za mpira na habari mnazozitazama karibu hakika ni za kudumu. Na hata kama mojawapo ni ya wito, saa tatu usiku kuna jirani aliyekwisha kuiita, nanyi mnapakuliwa kutoka sufuria yake.

Kwa kuwa hesabu hufanywa kwa tabia za mji husika, chaneli moja inaweza kuwa ya kudumu San Antonio na ya wito mahali pengine, hasa zile za Kihispania. Lakini takwimu si mwamuzi pekee. Sheria ya kebo ya Marekani ya mwaka 1992 huipa stesheni ya mji haki ya kudai ibebwe, na inapodai hivyo lazima wateja wote waweze kuiona. Mikataba na wenye chaneli nayo huingia. Mwenye chaneli mkubwa anaweza kukataa chaneli yake isiwekwe mahali ambapo inaweza kugoma wakati wa tangazo la mtu aliyelipa. Kisha kuna vifaa visivyoweza kuzungumza na kituo. Televisheni au rekoda yenye kadi ya kebo (kadi ya kuchomeka inayofungua chaneli za kulipia), bila king'amuzi cha kampuni, husikiliza tu na haiwezi kuomba. Ukihamishia chaneli kwenye wito, mwenye kifaa hicho anaipoteza.

Jambo hilo lilizua ugomvi wa kweli. Wateja wa Hawaii na wa Fairfax kule Virginia, waliokuwa wamenunua vifaa vyao kwa pesa zao, waliona chaneli zikihama. Mwanzoni mwa 2009 kitengo cha utekelezaji cha FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, kikazitoza Time Warner Cable na Cox faini. Juni mwaka huohuo tume yenyewe ikazifuta faini hizo. Suluhisho likawa kisanduku kidogo cha kuchomeka kwa USB kwenye rekoda kama TiVo, kinachopeleka maombi kwa niaba yake. Mimi niliona wateja wale walikuwa na haki ya kulalamika, na bado naona hivyo. Mtu hapaswi kununua kifaa kilichoidhinishwa halafu kipofuke kwa sababu kampuni imebana nafasi.

Turudi kwa mama. Tuchukue mfano: kampuni ina chaneli 200 za wito na kundi lenu limetengewa nafasi ya 80. Saa nane mchana zimewashwa 25. Saa tatu usiku watu wamerudi kutoka kazini, kila chumba kina televisheni, na rekoda moja inaweza kunasa vipindi kadhaa kwa pamoja. Idadi ya chaneli tofauti inagusa 80. Anayeomba chaneli ya 81 anaambiwa ajaribu baadaye. Wahandisi wa simu walikabiliana na tatizo hili zaidi ya miaka mia iliyopita: ujenge laini ngapi ili wachache sana tu wakute zimejaa? Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ndiye aliyetuachia kanuni za hesabu hiyo, na jina lake bado ni kipimo chetu. Kwenye kebo tunaongeza kitu ambacho simu haikuwa nacho, yaani kugawana: watu 50 wakiomba chaneli moja ni ombi moja.

Na kugawana huku ndiko kunakomuumiza mama. Nafasi ikijaa, anayetaka chaneli ambayo jirani tayari anaitazama haguswi kamwe. Anayegomewa ni yule ambaye hakuna mwingine mtaani aliyeiwasha chaneli yake. Yaani njia ileile iliyoiwezesha kampuni kuwa na chaneli za Kiarabu, Kihindi, Kivietnam na nyinginezo ambazo zamani zisingepata kipande hata kimoja, ndiyo hiyohiyo inayomtanguliza msemaji wa lugha hizo kufungiwa mlango siku ya msongamano. Mtambo haumdharau mama, haujui Kiarabu wala Kiingereza. Lakini kuna mtu aliyechagua ni majiko mangapi yatoshe, na akijua nani atakosa chakula yasipotosha. Hilo linaniuma, na mikutanoni nimelisema zaidi ya mara moja: asilimia ndogo ya maombi yanayokataliwa inaonekana nzuri kwenye karatasi mpaka utambue kwamba ni nyumba zilezile kila usiku.

Dawa inajulikana. Kampuni inaweza kuongeza vipande kwa ajili ya chaneli za wito, au kuligawa kundi. Kundi la nyumba 500 likikatwa mawili, kila nusu hupata nafasi zile 80 kwa watu nusu. Yote mawili yanagharimu: vipande hunyang'anywa intaneti, na kugawa kundi kunahitaji mitambo mipya. Kuna pia ulaji wa bure unaoweza kupunguzwa. Watu huzima televisheni na kuacha king'amuzi kinawaka kwenye chaneli fulani. Seva haijui kwamba hakuna macho mbele ya kioo. Ndiyo maana baada ya saa kadhaa bila rimoti kuguswa, huja maandishi yakiomba ubonyeze kitufe, na usipobonyeza, nafasi inaweza kuchukuliwa. Maandishi hayo yakitokea mama akiwa katikati ya kipindi, asikasirike, abonyeze tu.

Kuhusu kama wanajua anachotazama: ndiyo, kwa lazima ya kiufundi. King'amuzi hakiwezi kuomba chaneli bila kusema ni ipi na jibu lipelekwe wapi. Kwa dishi hakuna ombi linalotumwa unapobadilisha chaneli. Kwa wito lipo kila mara. Sheria ya kebo ya mwaka 1984, kifungu cha 631, inakataza kampuni kukusanya kupitia mtandao wake taarifa zinazomtambulisha mteja bila ridhaa yake, isipokuwa zinazohitajika kutoa huduma au kuzuia wizi wa huduma, na inaitaka imweleze mteja kwa maandishi inachokusanya. Hesabu ninayoifanya mimi haihitaji jina la mtu. Inatosha kujua kwamba katika kundi fulani, saa fulani, chaneli ilikuwa na mtu. Una haki ya kuomba uone taarifa zako walizonazo, na nakushauri uitumie.

Usichanganye haya na ile orodha ya filamu na vipindi vya kuchagua kwenye menyu. Huko kila mtu hupikiwa sufuria yake, kwa sababu wewe unaanza saa hii na jirani baada ya dakika kumi. Na kinachoamua kipindi kiwemo au kisiwemo si nafasi sana kama haki na matangazo. Tangu 2007 matangazo ya biashara kwenye televisheni za Marekani yamekuwa yakiuzwa kwa kuhesabu pia wanaoyatazama ndani ya siku tatu baada ya kipindi kurushwa, na ndiyo maana baadhi ya vipindi hukataa kurukishwa mbele. Mwenye kipindi ndiye aliyedai hivyo.

Sasa fanya hivi. Kwanza, kama kampuni yako ina programu ya kutazamia kwenye simu au televisheni, itafute chaneli ya mama humo. Picha ya programu hupitia upande wa intaneti wa waya, haipigi foleni kwenye majiko haya, na inaweza kucheza wakati king'amuzi kinagoma. Pili, kabla ya msongamano, tuseme saa moja na nusu, iwasheni chaneli hiyo na mguse rimoti mara mojamoja. Ikishaletwa, hanyang'anywi mtu anayeitazama ili apewe mwingine. Au uiagize rekoda inase kipindi chenyewe. Unasaji huhesabiwa kama mtazamaji. Usiiache imewashwa usiku kucha bila mtu, maana hapo utakuwa unamfanyia jirani kile unachofanyiwa wewe.

Tatu, kwa wiki moja andika kwenye daftari tarehe, saa, namba ya chaneli na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Piga simu, lakini usikubali tena fundi wa nyumbani. Mwambie anayepokea kwamba chaneli inakataliwa usiku tu, kwamba waya umeshabadilishwa, na kwamba unaomba idara ya mtandao ikague ujazo wa chaneli za wito katika nodi yenu. Kumbukumbu za seva huonyesha kila ombi lililokataliwa, kwa dakika, na daftari lako litalingana nazo. Wakikuzungusha, peleka malalamiko FCC kupitia fomu yao ya wateja. Hakuna malipo, na tume ikishaipelekea kampuni malalamiko yako, kampuni hupewa siku 30 kujibu kwa maandishi. Namba ya chaneli na saa uziandike kwenye sentensi ya kwanza.